Ukija Bungeni Dodoma na ombi ambalo wengi hawataki kulisikia

Nina steshenari hapa Dodoma, mwendo wa miguu tu kutoka lango la Bunge. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, napiga picha za pasipoti, na nawachapia barua wasioweza kuchapa. Bunge la bajeti likianza, kila kilio cha nchi hii hupita mezani kwangu: wakulima wa zabibu wanaotafuta soko, wastaafu wanaofuatilia mafao, wafugaji waliogombana na hifadhi, watu wa viti vya magurudumu wanaoomba ngazi za ofisi zipate njia ya kupandia. Mara mojamoja huja vijana wanaosubiri wateja wengine watoke kwanza ndipo watoe flashi. Karatasi yao inahusu mashoga na wengine wa jamii hiyo, ile inayoitwa kwa herufi LGBT, na wanataka wabunge waisome.

Sikusomea sheria. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuchapa karatasi za watu, kisha kuona ipi imerudi na majibu na ipi nimekuja kuiona imefungiwa maandazi. Jambo moja limenikaa kichwani kuliko yote: ombi linalosikilizwa ni lile ambalo mbunge anaweza kulirudia kwa mdomo wake Jumamosi jimboni, mbele ya waliompa kura, bila kuinamisha kichwa. Ukiliandaa ombi la namna hiyo, hata mwenye hoja nzito kama hii hukaribishwa kiti. Usipoliandaa, utapewa soda na utaambiwa "tutalifanyia kazi".

Anza kwa kujua sheria imekaaje, wala usijidanganye. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu kile kinachoita kuingiliana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Makali hayo yaliongezwa mwaka 1998, ilipopitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Hiyo ndiyo hali yenyewe. Lakini Katiba nayo ipo. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ya 13 inaleta usawa mbele ya sheria, ya 16 inalinda faragha ya mtu. Na ibara ya 21, ile ndogo ya pili, inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Hii ya mwisho iweke kwenye sentensi ya kwanza ya barua yako. Kumwomba mbunge arekebishe sheria ni haki ya raia, ingawa usitegemee kwamba kila utakayemkuta getini ameisoma ibara hiyo.

Sasa ombi lenyewe. Hapa ndipo karatasi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kijana mmoja alileta rasimu iliyoanza hivi: "Tunalitaka Bunge litambue na kulinda haki zote za jamii ya LGBT kwa mujibu wa viwango vya kimataifa." Nilimuuliza, mwanangu, mbunge wa Bahi akisimama na sentensi hii, atarudi Bahi kwa njia gani? Akacheka. Nikamuuliza tena: wewe mwenyewe mwaka huu umeumizwa na nini hasa? Akaniambia habari ya mwenzake aliyekwenda kituo cha afya akiwa na kidonda, akafokewa mbele ya foleni nzima, akaondoka bila kutibiwa na hakurudi tena. Nikamwambia hiyo ndiyo karatasi yako.

Tulifanya kazi hadi karibu na magharibi, yeye anasema, mimi nachapa. Mwisho ombi lilikuwa hili: "Tunapendekeza kiongezwe kifungu kinachosema kwamba mtoa huduma za afya hatamnyima mtu yeyote huduma, hatamdhalilisha wala kutoa siri yake, kwa sababu ya mwenendo au hali ambayo mtu huyo anayo au anadhaniwa kuwa nayo." Lisome tena polepole. Linamlinda yeye. Linamlinda pia binti aliyepata mimba shuleni, mama anayeuza pombe, dereva wa lori anayekwenda kupima VVU, na yule kijana ambaye si shoga ila mtaa mzima umeamua kwamba ni shoga kwa sababu ya anavyotembea. Mbunge yeyote anaweza kusimama nalo, kwa sababu jimboni kwake hakosi mtu aliyewahi kufokewa zahanati.

Wapo watakaosema hapo umejificha, umeogopa kusema jambo kwa jina lake. Nimelisikia hilo, tena kwa hasira, kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni kwamba anayetaka kifungu cha 154 kifutwe ana haki ya kusema hivyo, na njia ya mahakama ya kuhoji sheria inayogongana na Katiba ipo. Bungeni ni kwingine. Kule watu huhesabu kura, na mgonjwa hawezi kusubiri hesabu hiyo ikae sawa.

Ombi dogo si ombi bure, na ushahidi uko hapahapa Dodoma. Novemba 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008: umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15, na mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe. Nchi hii ni ngumu kuzungumza habari za watoto na ngono, mnajua wenyewe. Hata hivyo lilipita, kwa sababu ombi lilikuwa na namba mbili tu, 18 na 15, na daktari yeyote aliweza kulieleza kwa dakika mbili. Litazame na la umri wa ndoa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti wa miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019. Ushindi mara mbili mahakamani, na bado waliokuwa wakilipigania walipaswa kuendelea kuja Dodoma kusukuma marekebisho, maana hukumu haijiandiki yenyewe kwenye kitabu cha sheria.

Kuhusu muda: usije Bunge likiwa limeshapamba moto. Kamati hukaa kabla ya mkutano wa Bunge, na kazi ya kweli hufanyikia kwenye kamati. Muswada wa Serikali wa kawaida huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali angalau siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Ukishasomwa hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau watoe maoni. Siku hizo 21 ni zako. Soma Gazeti, au tafuta mtu wa kukusomea. Muswada ukija kwa hati ya dharura muda unakuwa haba mno, kwa hiyo maoni yako yawe yameshaandikwa, yanasubiri kubadilishiwa namba za vifungu tu. Na usidharau ule unaoitwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Jina lake linachosha, waandishi wa habari huuruka, lakini ndani yake sheria nyingi huguswa kwa mkupuo mmoja, hata ile uliyokuwa ukiisubiri.

Chagua kamati sahihi. Ombi langu lile la zahanati ni la kamati inayoshughulikia afya na masuala ya UKIMWI. Ukilipeleka Katiba na Sheria utaulizwa kwa nini hukuanzia afya, na kule afya watakuwa wameshafunga. Barua huandikwa kwa Katibu wa Bunge, ikitaja kamati na muswada. Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Nakala yenye muhuri itunze, kwa sababu wiki ijayo utaambiwa barua haikuonekana.

Karatasi ya maoni isizidi kurasa mbili. Wabunge wanabeba makabrasha yanayojaza buti la gari. Lako likiwa zito watalisoma mwaka wa uchaguzi. Weka jedwali: safu ya kifungu kilivyo sasa, safu ya pendekezo lako, safu ya sababu. Kwenye safu ya pendekezo andika maneno kamili ya kifungu, kama unavyotaka yasomeke kwenye sheria. Usiandike "kifungu kiboreshwe". Nani akiboreshe? Mwandishi wa sheria mwenye mafaili mia mezani? Mpe kilichokamilika akinakili. Safu ya sababu iwe na sentensi tatu au nne, na ukipata maneno ya Serikali yenyewe, hayo ndiyo ya kutanguliza.

Maneno hayo yapo. Mwaka 2018 kiongozi mmoja wa mkoa alitangaza msako wa mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Hofu ilifika mpaka huku kwetu. Nina mteja aliyeacha kwenda kuchukua dawa zake kwa kuogopa kuonekana kliniki, akarudi dukani kwangu amekonda nguo zinamning'inia. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni binafsi ya kiongozi yule, si msimamo wa Serikali, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhia. Tamko hilo liambatanishe. Wizara ya Afya nayo ina mwongozo wa huduma za VVU kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi ya maambukizi. Ukiweka karatasi hizo mbili juu ya meza, umesema tu kile ambacho Serikali imekwisha kusema, na unaomba sheria ilingane nacho.

Nije kwenye Marekani, maana vijana wengi huja na mifano ya huko. Kule kila jimbo lina bunge lake, na watu wa kawaida huenda kwenye mji mkuu wa jimbo kuzungumza na wawakilishi wao, kama sisi tunavyokuja hapa. Jimbo la Wisconsin ndilo lililotangulia kupiga marufuku kumnyima mtu kazi au nyumba kwa sababu ni shoga au msagaji. Gavana Lee Dreyfus alitia saini tarehe 25 Februari 1982. Huyo alikuwa wa chama cha Republican, chama cha kihafidhina ambacho wengi hawakutarajia kingekubali jambo hilo. Muswada uliongozwa na mbunge kijana wa Madison aitwaye David Clarenbach, lakini kilichowapa wengine ujasiri wa kuupigia kura ni kwamba wanaharakati walikuwa wameshazunguka kwa viongozi wa dini, na askofu mkuu Mkatoliki wa Milwaukee alikuwa miongoni mwa waliokubali kusema kwamba ubaguzi huo si sawa. Gavana naye aliposaini alitumia imani ya chama chake mwenyewe, kwamba serikali isiingilie maisha ya siri ya watu.

Jimbo la Washington lilichelewa. Muswada wa namna hiyo uliletwa mara ya kwanza mwaka 1977. Ulirudi, ukaanguka, ukarudi tena. Mwaka 2005 ulikosa kura moja kwenye Seneti. Januari 2006 seneta mmoja wa Republican, Bill Finkbeiner, aliyekuwa ameukataa mwaka uliotangulia, alibadili kura yake, na ukapita kwa 25 dhidi ya 23. Miaka 29, na mwisho wake ukashikiliwa na mtu mmoja. Kwa hiyo usichome madaraja: mbunge aliyekukatalia mwaka huu mwamkie vizuri ukikutana naye mwakani.

Jifunze mbinu hizo, lakini mifano yenyewe iache nyumbani. Nasema hivi kwa msisitizo. Ukitaja Wisconsin mbele ya kamati, kuna mtu atauliza nani amekulipa, na hapo mjadala hautarudi tena kwenye zahanati. Taja Luanda badala yake. Mei 2014 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikikutana huko Angola, ilipitisha Azimio namba 275 linalolaani ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia, wawe nao kweli au wadhaniwe tu. Taja Msumbiji, jirani tuliyechangia damu kwa ukombozi wake, ambayo sheria yake mpya ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2015 iliachana na kosa la namna hiyo lililorithiwa kwa Mreno. Sheria yetu nayo ni mrithi wa mkoloni, wetu akiwa Mwingereza. Mzee yeyote wa kamati anayejivunia harakati za ukombozi itabidi alifikirie hilo kabla ya kusema umeleta mambo ya Wazungu.

Viongozi wa dini usiwakimbie. Mbunge wa huku Dodoma anajua atakutana na mchungaji wake Jumapili au imamu wake Ijumaa, na neno lao moja humfikia haraka kuliko jedwali lako. Usiende kuwaomba wakubali kwamba jambo hili si dhambi; hawatakubali, na kuomba hivyo ni kuwakosea. Waulize kama mgonjwa afukuzwe hospitali. Waulize kama kijana apigwe mawe na watu wasio na mahakama. Mchungaji mmoja wa vijijini, mzee wa Kigogo mwenye fimbo na koti lisilokauka vumbi, alikuja dukani kutoa kopi za ratiba ya mkutano wa injili. Tukazungumza mpaka kopi zikapoa. Aliniambia mahubiri yake hayatabadilika, lakini barua ya kusema asiwepo wa kunyimwa dawa ataisaini. Aliisaini palepale, kwa kalamu yangu, na muhuri wa usharika akaupiga siku iliyofuata.

Usalama wa watu wako ni juu yako, kuliko hata ombi. Usibebe orodha ya majina. Usikusanye sahihi za wahusika. Kusanya za wauguzi, wanasheria, wazazi, viongozi wa dini na asasi zilizosajiliwa. Kisa cha mtu kieleze bila jina, bila mtaa, bila jina la kituo, na mwenyewe awe amekubali kiwemo. Anayekwenda mbele ya kamati awe mtu ambaye hakuna cha kumshika: muuguzi mstaafu ananifaa zaidi ya mwanaharakati mwenye maneno matamu. Pata mwanasheria asome karatasi kabla ya mimi kuiprinti. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni chombo cha Kikatiba, inapokea malalamiko ya wananchi, na nakala ya barua yako ikiwa imekwenda huko, hata anayetaka kukutisha hufikiria mara mbili. Na faili ukishaliprinti kwenye steshenari yoyote, pamoja na yangu, simama uone limefutwa kwenye kompyuta. Usione aibu kudai hivyo.

Mavazi: suti au gauni la heshima, viatu vilivyofungwa, kitambulisho mfukoni. Simu utaiacha. Msalimie askari wa getini kama unavyomsalimia mjomba wako. Kwa mbunge ni "Mheshimiwa" mwanzo hadi mwisho, hata kama mlisoma naye Kongwa. Zungumza kwanza na katibu wake, maana ndiye anayeamua karatasi ikae juu au chini ya lundo. Usimvizie mtu kwenye nyama choma usiku ukamwekea hoja kati ya ndizi na mbuzi. Asubuhi atakumbuka mbuzi tu. Mpate Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana mabegi yao yameshafungwa, na tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 ndiyo kabisa, hutamkuta mtu.

Ukipewa dakika tano, tumia tatu. Sema wewe nani, kifungu kipi, kisomekeje, basi. Akikuuliza "kwa hiyo nyie mnatetea ushoga?", usibishane wala usikane watu wako. Muuguzi wangu mstaafu alijibu swali hilo kwa kusema, "Mheshimiwa, mimi nimetibu watu miaka yote bila kuwauliza wanalala na nani, na naomba waliobaki kazini walindwe wanapofanya hivyohivyo." Kamati ikahamia kwenye swali la adhabu ya mhudumu anayetoa siri, ambalo ndilo alilokuwa amejiandaa nalo.

Baada ya hapo fuatilia taarifa rasmi za Bunge, Hansard, uone nani alisema nini. Mbunge aliyegusa hoja yako, hata kwa nusu sentensi, mwandikie barua ya shukrani ya aya moja, bila ombi jipya ndani yake. Aliyekupinga kwa hoja mjibu kwa hoja, aliyetukana mwache. Jedwali lako lihifadhi pamoja na ile nakala ya muhuri, na marekebisho mengine yakichapishwa kwenye Gazeti badilisha namba za vifungu, tarehe na jina la muswada, kisha uje nalo kwenye PDF, si kwenye Word, maana Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine jedwali hupinda.